Je, Wajua? Gari Linaloruka, Kutoka Golf Hadi Kolwezi

Je, wajua kwamba gari linaloruka lina zaidi ya miaka 100 tangu lianze kuahidiwa? Mwaka 1917 Mmarekani Glenn Curtiss alionyesha jijini New York chombo alichokiita Autoplane: bodi kama ya gari la starehe, mabawa ya ngazi tatu juu yake, propela nyuma. Kiliinuka kidogo tu, kisha vita vikampa Curtiss kazi nyingine. Jiji letu la Lubumbashi, lililoanzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, wakati huo lilikuwa na miaka saba.

Je, wajua kwamba tayari kuna magari yaliyoruka kweli na kupewa vyeti vya serikali? Airphibian ya Robert Fulton ilipata cheti Marekani mwaka 1950. Aerocar ya Moulton Taylor ilipata chake 1956. Zikaundwa Aerocar sita tu, basi. Kwa hiyo anayeuliza kama gari linaweza kuruka amechelewa miaka 70. La kuuliza ni kwa nini hakuna anayeliona likipita juu ya nyumba za Golf, mtaa wa Lubumbashi.

Je, wajua kisa cha ConvAirCar? Novemba 1947 gari hili lilikuwa likijaribiwa karibu na San Diego. Lilikuwa na injini mbili na matangi mawili: moja la barabarani, lingine la angani, na kila tangi lilikuwa na kipimo chake. Rubani alitazama kipimo, akaona mafuta yapo, akapaa. Kumbe alikuwa ametazama kipimo cha gari. Tangi la ndege lilikauka angani, akalazimika kutua kwenye njia ya vumbi. Alipona, bawa likaharibika, na biashara nayo ikaanza kufa. Kisa hiki kinaonyesha shida yote kwa mara moja: mashine mbili, sheria mbili, matengenezo ya aina mbili, na mtu mmoja anayetakiwa asichanganye hata siku moja.

Mwaka 1973 Henry Smolinski alichukua gari la Ford Pinto akaliunganisha na mabawa ya Cessna. Septemba 11 mwaka huo kiegemezo cha bawa kilichomoka angani. Smolinski na mwenzake Harold Blake wakafa papo hapo. Wachunguzi walitaja uchomeleaji mbovu.

Je, wajua kwa nini ndoa hii ya gari na ndege ni ngumu? Gari linatakiwa liwe zito pale linapogongwa: bampa, milango imara, springi za kuvumilia mashimo. Ndege inatakiwa iwe nyepesi kila mahali. Unachoongeza ili kuliridhisha shimo la barabara, hicho hicho unakibeba angani bure. Tena gari likikwaruzwa sokoni, mwenyewe hununa siku moja, kisha huendelea na safari. Bawa likiguswa na kioo cha taksi, halipai tena mpaka fundi mwenye leseni ya ndege alikague. Anayejua msongamano wa Lubumbashi jioni anajua bawa lililokunjwa lingeguswa mara ngapi kwa mwezi.

Je, wajua kwamba Juni 28, 2021 gari liliruka kutoka mji mmoja hadi mwingine? Lilikuwa AirCar ya Stefan Klein wa Slovakia. Liliondoka Nitra, likatua Bratislava baada ya dakika 35, likakunja mabawa yake kwa takriban dakika mbili na robo, likaingia barabarani. Injini yake ni ya BMW, ya petroli ya kawaida. Januari 2022 Slovakia ikalipa cheti cha kuruka. Ni kazi ya kupongezwa kwa moyo wote. Lakini linahitaji njia ya kurukia ya takriban mita 300, na dereva wake lazima awe na leseni ya urubani. Mkazi wa Golf mwenye AirCar angeendesha kwanza hadi uwanja wa Luano, katikati ya malori na pikipiki zile zile alizotaka kuziepuka, na mwisho wa safari angetua kwenye uwanja mwingine.

Ndiyo maana wahandisi wengi wa leo wameacha magurudumu. Wanaunda teksi za angani: vyombo vya umeme vinavyopaa wima na kutua wima, bila njia ya kurukia. Watu bado huziita magari yanayoruka.

Je, wajua hesabu ya Golf? Chukua EH216-S ya kampuni ya EHang ya China. Ina propela 16, viti viwili, haina rubani ndani, na Oktoba 2023 ilipewa cheti na mamlaka ya anga ya China. Uwezo wake ni takriban kilomita 30, dakika 25 hivi. Kutoka Lubumbashi, kilomita 30 ni Kipushi. Ukifika Kipushi umefika na betri tupu, na kurudi ni lazima uchaji kwanza. Chukua sasa chombo cha Joby cha Marekani: propela sita, rubani mmoja na abiria wanne, mwendo wa hadi kilomita 320 kwa saa, umbali wa takriban kilomita 160. Hicho kinafika Kasumbalesa mpakani kwa chini ya nusu saa, na kinapita juu ya ile foleni ya malori ambayo madereva huilalia. Likasi, kilomita 120 hivi, kinafika pia. Kolwezi, kilomita 300, hakifiki. Na Kolwezi ndiko wakubwa wa migodi wanakokwenda kila wiki.

Hapo hatujagusa akiba. Sheria za anga hazimruhusu rubani kutua na tangi tupu. Marekani, helikopta inayoruka mchana kwa rubani kutazama nje lazima ipange kubaki na mafuta ya dakika 20 baada ya kufika, kwa sababu mvua inaweza kukufungia pa kutua. Chombo cha dakika 25 kikibanwa na kanuni kama hiyo kinabaki na safari ya dakika tano.

Je, wajua kinachobana umbali huo? Ni uzito wa betri. Kilo moja ya betri nzuri ya leo hubeba wati-saa 250 hivi. Kilo moja ya mafuta ya ndege hubeba karibu 12,000. Ni kweli mota ya umeme haipotezi nguvu nyingi, ilhali injini ya mafuta hupoteza zaidi ya nusu kwa joto. Hata ukilitoa hilo, mafuta yanashinda zaidi ya mara kumi. Jambo la pili halitajwi sana: ndege ya mafuta huwa nyepesi kadiri inavyosafiri, betri haipungui hata gramu. Ni kama mchuuzi wa makaa anayesukuma baiskeli kutwa nzima bila mnunuzi: jioni gunia lina uzito ule ule wa asubuhi.

Na wajua betri hizo zinatoka wapi? Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na karibu yote ni ya ukanda wa Katanga: Kolwezi, Tenke, Fungurume, hadi migodi iliyo mlangoni pa Lubumbashi yenyewe kama Ruashi. Shaba ya nyaya za mota iko hapa hapa. Manono, kaskazini mwa Katanga, kuna mwamba mkubwa wa lithiamu. Februari 2025 Kinshasa ilipofunga usafirishaji wa kobalti ili kuinua bei, viwanda vya betri duniani vilishtuka. Oktoba mwaka huo mlango ukafunguliwa kwa mgawo. Teksi ya angani itakapopita juu ya Dubai, huenda itabebwa na udongo wa Kolwezi. Mimi naona haki inadai tuizungumzie ndege hii kama watu wenye sehemu ndani yake.

Je, wajua kwamba hewa ya Lubumbashi ni nyepesi? Jiji liko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana hupita nyuzi 30. Ukiunganisha kimo na joto hilo, hewa inakuwa pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ikilinganishwa na hewa ya kawaida ya pwani. Propela husukuma hewa. Hewa ikipungua, lazima izunguke kwa nguvu zaidi. Chombo kinachosimama angani juu ya Golf mchana wa Oktoba kinahitaji takriban asilimia kumi zaidi ya nguvu kuliko kile kile kikisimama juu ya ufuo wa Mombasa siku ya baridi. Zile kilomita 160 za karatasini zitapungua, na viti vinne huenda vikawa vitatu.

Je, wajua wapi ungeweza kutua Golf? Watu hufikiria uani. Mtaa una viwanja vikubwa kuliko vya mitaa ya Kenya au Kamalondo, hilo ni kweli. Lakini tazama uwanja mmoja kwa karibu: ukuta mrefu wenye waya wa miba juu, mwembe mkongwe, tangi la maji kwenye mnara wa chuma, nyaya za umeme zinazopita pembeni kwenda kwenye kabini ya SNEL, shirika la umeme, mabati ya kibanda cha mlinzi yaliyoshikwa kwa misumari michache. Chombo cha zaidi ya tani mbili kikisimama hewani hapo, upepo unaoshuka chini yake ni sawa na uzito wake wote unaosukumwa kwenda ardhini. Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, vumbi jekundu lingeinuka likamfumba macho rubani, likaingia nyumba za jirani, na bati lililolegea lingeondoka. Nyaya ni adui wa zamani wa marubani wa helikopta kwa sababu kutoka juu hazionekani. Sehemu ya kweli ya kutulia ni pana, imesafishwa, ina mzimamoto na njia wazi ya kuingia na kutoka. Golf ina nafasi za aina hiyo, kandokando ya ziwa na viwanja vya gofu, karibu na hoteli ya Karavia. Basi abiria ataendesha hadi hapo kwanza.

Paa la jengo nalo lina hatari zake. Mwaka 1977, Mei 16, helikopta ya abiria ilikuwa imetua juu ya paa la jengo la Pan Am, New York, propela zikizunguka. Mguu wake mmoja ukavunjika, ikalala ubavu. Watu wanne walikufa kwa sababu ya propela hizo, na wa tano, mpita njia, aliuawa barabarani chini na kipande kilichoanguka. Huduma ya pale juu ilifungwa moja kwa moja.

Je, wajua kwamba Golf Météo ni sehemu ya mtaa huu, na kwamba hali ya hewa ndiyo hakimu wa mwisho wa mambo haya yote? Mvua za Katanga huja kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, na huja na radi. Mashariki mwa nchi yetu, Kabare katika Kivu Kusini ilihesabiwa na watafiti mwaka 2016 kuwa ya pili duniani kwa radi, mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ndege kubwa huzunguka dhoruba kwa kwenda mbali. Chombo chenye akiba ya dakika chache hakina mbali pa kwenda.

Na hapa namtaja Edmond Thieffry. Mbelgiji huyu ndiye wa kwanza kuruka kutoka Brussels hadi Léopoldville, mwaka 1925, safari ya siku 51. Baadaye alirudi Kongo akiwa na wazo ambalo lingependeza sana leo: ndege ndogo za ndani, za kuunganisha miji ambayo barabara haziifikii. Aprili 11, 1929, akiwa kwenye majaribio hayo, ndege yake ilianguka katika hali mbaya ya hewa karibu na ziwa Tanganyika. Alikufa hapo pamoja na Gaston Julien. Karibu miaka 100 iliyopita, kwenye ardhi ya Kongo, mtu alitoa maisha kwa wazo lile lile ambalo leo linauzwa kama jipya kabisa.

Je, wajua kwamba vipuri vya magari viliwahi kuruka Katanga ndani ya roketi? Kampuni ya Kijerumani OTRAG, ya Lutz Kayser, ilikodi eneo kubwa kaskazini mwa Shaba, kama tulivyoitwa wakati ule, juu ya bonde la mto Luvua. Mei 17, 1977 roketi yake ya kwanza iliruka. Kayser alitaka roketi ya bei nafuu, kwa hiyo alikusanya mabomba ya kawaida kwa mafungu, na vali za mafuta zilifunguliwa na mota za waipa, zile zinazofuta mvua kwenye vioo vya Volkswagen. Ya pili iliruka Mei 1978. Ya tatu, Juni 5, 1978, mbele ya Mobutu mwenyewe, ilipanda kidogo ikageuka ikaanguka bondeni. Mwaka uliofuata Mobutu, akibanwa na Moscow, aliifukuza kampuni. Somo la ufundi la mota za waipa bado linanivutia: urahisi si aibu kwa chombo cha angani.

Je, wajua umeme wa kuchaji ungetoka wapi? Laini ya umeme kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, iliyokamilika 1982, ina urefu wa kilomita 1,700 hivi, na ilipojengwa ilikuwa ndefu kuliko zote duniani za aina yake. Ilijengwa kwa ajili ya migodi, na migodi bado inanunua umeme mwingine nje kwa kuwa hautoshi. Chaja ya teksi ya angani inayotaka kujaza betri ndani ya dakika chache huvuta umeme wa nyumba nyingi kwa wakati mmoja. Mtaa ambao majenereta huanza kunguruma jirani kwa jirani umeme ukikatika utaisikia chaja hiyo mara moja.

Hata hivyo, Afrika imeanza kuvijaribu vyombo hivi. Septemba 2025, Kigali, EH216-S iliruka hadharani bila rubani wakati wa mkutano wa usafiri wa anga wa Afrika. Rwanda inastahili sifa kwa kujaribu mapema.

Kenya Airways, kupitia kampuni yake tanzu ya Fahari Aviation, ilitia saini mwaka 2022 barua ya nia na Eve ya Brazil kwa vyombo hadi 40. Barua ya nia haimfungi mtu kununua.

Je, wajua kwamba Dubai ilitangaza Februari 2017 kwamba teksi za angani za EHang zingeanza Julai ya mwaka ule ule? Hazikuanza. Septemba 2017 Volocopter ya Ujerumani ikaruka majaribio hapo. Hazikuanza. Juni 2025 Joby nayo imejaribu. Volocopter ilitaka kubeba abiria kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Cheti hakikupatikana kwa wakati, ikaishia kuonyesha bila abiria. Desemba mwaka huo ikaomba ulinzi wa mufilisi. Kampuni mwenzake, Lilium, ilikuwa imetangulia miezi miwili. Wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaokwenda Dubai kila mara wasishangae wakisikia tarehe nyingine.

Je, wajua bei? Nchini China EH216-S ilitangazwa kwa yuani milioni 2.39. Alef ya California inaomba dola 300,000 kwa gari lake ambalo bado halijafika kwa wateja. Golf wapo wanaoweza kulipa. Lakini kuna jambo jingine: magari mengi ya Lubumbashi huja yakiwa yamekwisha kutumika, yanatoka Japani, yanashuka Dar es Salaam, yanapita Zambia, yanaingia Kasumbalesa, kisha mafundi wetu huyaongezea miaka 15. Ndivyo gari lilivyowafikia watu wa kawaida. Chombo cha angani hakiwezi kuja kwa njia hiyo. Kila kipuri kina daftari lake la saa za kuruka, na betri iliyochoka hupunguza umbali kila mwezi. Kipuri cha kuokoteza, ambacho barabarani humaliza wiki, angani hakikubaliki hata dakika moja. Kwa miaka mingi mashirika ya ndege ya Kongo yamekuwa kwenye orodha ya Ulaya ya yasiyoruhusiwa kuruka huko, na sababu iliyotajwa ni usimamizi wa usalama. Hilo ndilo la kutengeneza kwanza, kabla ya kuagiza chochote chenye propela 16.

Je, wajua kwamba sehemu ya ahadi hii imekwisha kutimia, ila haibebi mtu? Oktoba 2016 Rwanda ilianza kutumia droni za Zipline kutoka kituo cha Muhanga kupeleka damu hospitalini. Droni hurushwa kwa manati, huenda kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa hivi, hudondosha kifurushi kwa parachuti bila kutua, na kurudi. Hakuna uwanja unaohitajika upande wa pili, hakuna vumbi, hakuna abiria wa kuogopa radi. Utafiti uliochapishwa 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulionyesha kwamba damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67, kwa sababu hospitali hazikulazimika tena kuweka akiba bila kujua kama zitaitumia.

Mwaka 2018, Tanzania, droni ya DHL na Wingcopter ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya ziwa, kwa wastani wa dakika 40. Kwa njia ya nchi kavu ni kilomita 240 na saa sita. Na nchini mwetu, mwaka 2019, shirika la VillageReach pamoja na Swoop Aero ya Australia walijaribu kupeleka chanjo kwa droni mkoani Équateur, wakianzia Mbandaka, mahali ambapo mtumbwi ndio barabara.

Angalia uzito wa mambo. Teksi ya angani ya tani mbili na zaidi inabeba watu wanne waliokwisha kuwa na gari. Droni inayobebwa na watu wawili inabeba kilo moja au mbili za damu, na kilo hizo ndizo mama anayetoka damu wakati wa kujifungua anazozingoja.

Kasenga, ukingoni mwa Luapula, iko takriban kilomita 200 kutoka Lubumbashi. Kilwa na Pweto, kwenye ziwa Mweru, ziko mbali zaidi, na mvua ikizidi barabara hukatika. Zipline huhudumia vituo vilivyo hadi kilomita 80 hivi kutoka kwenye kituo chake. Kituo kimoja Kasenga kingegusa vijiji vingi vya mto. Cha pili Kilwa kingegusa visiwa na pwani ya Mweru. Betri zake ni ndogo, zingechajiwa kwa paneli za jua bila kusubiri Inga. Mwenye fedha Golf akitaka jina lake liwe la kwanza angani Katanga, aanzie Kasenga, na hospitali ya pale imwambie ni kundi gani la damu linalokosekana mara nyingi.